Kazi Inayorudi Darasani

   

Niliombwa nizungumze juu ya kufikiri, kujifunza na kutenda. Mada hiyo ni pana, na mtu anaweza kuzunguka nayo dunia nzima asifike popote. Nimeamua kuizungumza kwa mambo ya hapa nyumbani, kwa sababu mji huu wa Musoma una haki nayo kuliko miji mingi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana hapa, na maamuzi yake juu ya elimu yakapewa jina la Azimio la Musoma. Sidhani kama nchi yetu imewahi kufanya jaribio kubwa kuliko hilo la kuunganisha kitabu na kazi.

Nataja lengo langu mapema ili mnipime kwalo. Tumezoea kuamini kwamba mtu hujifunza kwanza, akafikiri, ndipo akatenda. Kwamba shule ni ya utotoni na kazi ni ya ukubwani. Nitajaribu kuonyesha kwamba mambo hayaendi hivyo. Kutenda ni sehemu ya kufikiri, lakini kwa sharti moja: yaliyoonekana kazini yarudishwe mbele ya watu walioketi pamoja, yaulizwe, yahesabiwe, yaandikwe, kisha yaongoze kazi inayofuata. Kazi isiyorudi darasani humchosha mtoto bila kumfundisha. Nina hoja tano. Ya tatu ni ndefu, nanyi mtanivumilia hapo.

Hoja ya kwanza: Anayejifunza vizuri ni yule mwenye jambo la kuuliza

Tuanzie Ikizu, ambako leo ni wilaya ya Bunda. Huko alizaliwa Paul Bomani mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alipokuwa kijana akifanya kazi Mwanza, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na lalamiko moja lililosikika kila mahali, nalo lilihusu mizani. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akabeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi. Halafu uzito wa pamba yake ukatajwa na mtu mwingine, kwa mizani ya mtu mwingine, ukaandikwa kwenye daftari ambalo yeye hakuweza kulisoma.

Malalamiko yalikuwapo kwa miaka mingi na hayakubadilisha kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika sehemu kadhaa za Kanda ya Ziwa, wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Ni tendo dogo, lakini tazameni yaliyomo ndani yake. Ili uweke mtu wako kwenye mizani, lazima apatikane anayejua kuisoma. Ili adumu pale, wakulima wengi lazima wakubaliane kumlipa. Na ili wakubaliane, lazima kwanza wakae chini waambizane kwamba anachopunjwa huyu ndicho anachopunjwa yule. Manung'uniko ya mtu mmoja mmoja yakawa mkutano, mkutano ukahitaji hesabu, na hesabu ikaleta ushirika. Bomani alizunguka vijijini akiwaunganisha. Mwaka 1953 na 1954 alikuwa Loughborough, Uingereza, akisomea mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa shirikisho la Victoria, lile lililojulikana kwa herufi VFCU, na baada ya muda mfupi wakulima walianza kumiliki vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba.

Msisitizo wangu uko kwenye safari ile ya Loughborough. Bomani alikwenda kusoma akiwa ameshakanyaga vijiji, ameshasikia malalamiko, ameshaona vyama vidogo vikianza kusimama na vingine vikiyumba. Alikwenda akijua asichokijua. Mwanafunzi wa namna hiyo hasubiri mwalimu amwambie lipi ni la muhimu. Analitafuta, na akilipata analitambua. Sisi tumegeuza mambo: tunampa kijana majibu ya miaka 13 au 16, halafu tunamtuma akatafute maswali.

Walimu wa hesabu mliomo humu, nina ombi kwenu. Watoto wengi wa Bunda wanatoka katika nyumba zinazouza pamba. Uzito kwao ni jambo la nyumbani kabla halijafika ubaoni. Somo la vipimo likianza na kilo alizouza mama yake msimu uliopita, mtoto huyo atakuwa na la kuuliza tangu dakika ya kwanza.

Hoja ya pili: Kikundi kinachoamua la kufanya hufikiri kuliko darasa linalosikiliza

Mwaka 1968 serikali yetu, ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO na UNDP, ilianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Makao yake yalikuwa Mwanza, na mikoa iliyohusika ilikuwa Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Watu wazima wa mkoa huu, ambao hadi hapo waliitwa wajinga kwa sababu tu hawakujua herufi, waliandikiwa vitabu juu ya mambo wanayoyafanya: kulikuwa na kitabu cha pamba, cha ndizi, cha ng'ombe, cha uvuvi, cha mambo ya nyumbani. Mkulima alijifunza kusoma kwa maneno ya shamba lake, na alichokisoma jioni alitarajiwa kukijaribu asubuhi. Pamoja na madarasa yalikusudiwa mashamba ya mfano, ili mjadala wa nafasi kati ya mistari ya pamba usiishie mdomoni.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takribani theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki karibu mmoja katika kila kumi. Najua wapo wanaohoji jinsi vipimo hivyo vilivyofanywa, na wana haki ya kuhoji. Lakini hata ukipunguza kwa mkono mzito, kinachobaki ni kikubwa. Na waliofundisha madarasa hayo, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu wa kijijini wenye elimu ya msingi tu, wakifanya kazi kwa kujitolea au kwa posho ndogo. Mwaka 1974 Kanda ya Ziwa ilipata hata gazeti lake la vijijini kwa ajili ya wasomaji hawa wapya, *Elimu Haina Mwisho*, ili mtu aliyejua kusoma jana asisahau kesho kwa kukosa cha kusoma.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na wazee wengi humu mnaikumbuka. Ilichukua majuma 12. Kila juma kikundi kilikusanyika kusikiliza redio. Kipindi kilipokwisha, kiongozi wa kikundi, ambaye alikuwa mwanakijiji aliyepewa mafunzo mafupi, alifungua kitabu na kusoma sehemu ya juma hilo. Malaria juma moja, kichocho juma jingine, safura, kuhara, kifua kikuu. Halafu yakafuata mazungumzo: ugonjwa huu upo kwetu? Unatokea wapi hapa kijijini? Tunaweza kufanya nini sisi wenyewe kabla ya juma lijalo? Kikundi kilikubaliana juu ya jambo moja au mawili, wakaenda kulifanya, na waliporudi juma lililofuata walianza kwa kuambiana lililofanyika na lililoshindikana.

Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na vichaka vilivyofyekwa na madimbwi yaliyofukiwa karibu na nyumba havikuhesabika. Serikali ya kikoloni iliwahi kuamuru watu wachimbe vyoo, na vingi vilichimbwa kwa hofu ya faini vikaachwa vibomoke. Mwaka 1973 watu hao hao walichimba wakijua minyoo ya safura inapita wapi kuingia mguuni mwa mtoto. Kwetu huku kando ya ziwa, ambako kichocho ni jirani wa kila siku, kujua kwamba mdudu anatoka kwa konokono na konokono anaambukizwa na haja za watu kulibadilisha maana ya choo. Kikaacha kuwa amri ya bwana afya, kikawa uamuzi wa watu.

Nguvu ya mpango ule ilikuwa katika kurudi. Redio peke yake ingesahaulika. Kazi peke yake ingekuwa msaragambo kama mingine. Juma la pili ndilo lililofundisha, kwa sababu juma la pili mtu aliulizwa mbele ya wenzake: ulichimba? Ulifika wapi? Ulikutana na mwamba? Basi tufikirie pamoja cha kufanya na mwamba.

Hoja ya tatu: Azimio la Musoma lilikuwa sahihi katika kusudi, na lilikosea pale liliposahau marejeo

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ili tulielewe Azimio tukumbuke kwanza Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara kwa kipindi cha utumishi huo. Rais wa wakati huo, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Papo hapo akapunguza mishahara ya viongozi, wake ukiwa wa kwanza, kwa asilimia 20. Wengi hukumbuka ile hasira. Mimi naona uzito zaidi katika swali lililobaki baada yake: imekuwaje tukawasomesha vijana hawa kwa jasho la mkulima, na wao wakatoka shuleni wakiona kuishi na huyo mkulima ni adhabu? Februari 1967 likaja Azimio la Arusha la ujamaa na kujitegemea, na mwezi uliofuata, andiko la Mwalimu, Elimu ya Kujitegemea.

Naomba kila mwalimu kijana aisome upya Elimu ya Kujitegemea, kwa sababu ilikuwa na akili kuliko tulivyoitekeleza. Haikusema tu kwamba shule iwe na shamba. Ilitaka wanafunzi washiriki kupanga shamba hilo, waweke hesabu za mapato na matumizi, waamue pamoja faida itumikeje, na wakikosea waone matokeo ya kosa lao. Shamba lilikusudiwa kuwa mahali pa kufikiria.

Miaka saba baadaye chama kilikutana hapa Musoma kwa sababu mambo yalikuwa hayaendi upesi vya kutosha. Azimio lilifanya mambo makubwa mawili. Kwanza, lilivuta mbele lengo la elimu ya msingi kwa watoto wote. Awali lilipangwa lifikiwe mwaka 1989. Hapa Musoma ikaamuliwa iwe 1977. Pili, liliamua kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule. Aende kwanza akafanye kazi, baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, kisha apimwe pia kwa mwenendo na utendaji wake kazini, na si kwa mtihani peke yake.

Uamuzi wa kwanza ulitikisa nchi. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na watoto kama milioni 1.2, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni 3. Walimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa mashuleni kufundisha sehemu ya siku na kusoma ualimu sehemu nyingine, kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa kusimamiwa na mratibu wa kata, kwa miaka mitatu. Walifundishwa hivyo makumi ya maelfu. Kuna waliowadhihaki, wakaigeuza UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na dhihaka hiyo imewaumiza watu wema hadi leo. Mimi nasema mbele yenu kwamba mpango wenyewe, kama mpango, ulikuwa na hekima. Kijana alifundisha kugawanya asubuhi, akaona watoto hawajaelewa, na alasiri akakaa na mratibu akamweleza palipomshinda. Palipokuwa na mratibu hodari mwenye muda, kijana huyo alikua akawa mwalimu wa kweli, na wapo humu mkoani waliolelewa na walimu hao. Pale ambapo mratibu hakuwa na baiskeli wala vitabu, ile alasiri ilikufa, kijana akabaki na asubuhi tupu miaka yote mitatu. Ubora wa walimu wa UPE ulitofautiana kwa kadiri ya uhai wa alasiri zao.

Uamuzi wa pili ulipata taabu mapema zaidi. Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilishuka, maana binti aliyetoka shule akaenda kazini mara nyingi aliolewa au akazuiwa na mwajiri au na familia, na baada ya miaka michache tu sharti hilo likaondolewa kwa wanawake. Kwa wanaume nalo likalegezwa baadaye. Watu wengi husema somo hapo ni kwamba kazi na chuo kikuu havichangamani. Siamini hivyo. Kijana alikwenda kufanya kazi ofisini au kiwandani miaka miwili. Alipoingia chuo kikuu, je, kulikuwa na mhadhiri aliyemwuliza: umeona nini huko? Masomo yake yalibadilika kwa sababu alikuwa amefanya kazi? Kwa kiasi kikubwa hapana. Kazi ilikuwa lango la kuingilia chuoni. Ukishapita lango hulitazami tena.

Na mashamba ya shule? Wazee, mnajua yalivyokuwa. Shamba la shule likawa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele. Mahali pengine mavuno hayakuelezwa kwa wanafunzi yalikwenda wapi. Hakuna daftari, hakuna hesabu, hakuna anayejua mwaka huu tumepata magunia mangapi kulinganisha na mwaka jana, wala kwa nini kona ile ya kaskazini haioti. Mtoto alilima miaka saba akatoka anajua kilimo kwa kadiri ile ile aliyojua kwa mama yake, pengine chini ya hapo, na amejifunza jambo jipya moja tu: kwamba jembe ni adhabu. Hilo lilikuwa kinyume kabisa na lile lililoandikwa mwaka 1967. Linaniumiza kwa sababu kosa halikuwa katika wazo. Tulichukua nusu ya wazo, ile nusu yenye jembe, tukaiacha ile yenye daftari na mkutano.

Mtaona kosa hilo hilo nje ya shule. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio, watu wa mkoa huu walihamishiwa vijijini. Kusudi lilikuwa wapate shule, maji na zahanati karibu, na vingi vilipatikana. Lakini mara nyingi mzee aliyejua udongo gani hushika maji na upande gani hufurika hakuulizwa, kwa sababu kulikuwa na haraka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikiwemo vile vilivyotokana na juhudi za wakulima wa mizani. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Miaka sita katikati ilikuwa karo ya somo ambalo wakulima wenyewe wangeweza kulitoa bure, kama wangeulizwa.

Hoja ya nne: Mtendaji anahitaji mahali pa kurudi

Hii ni fupi. Mwalimu Nyerere mara nyingi hutajwa kama mtu wa vitendo au kama mtu wa fikra, kutegemea anayemtaja anapenda kipi. Ukifuata maisha yake unaona mzunguko. Mwaka 1955 alitoka Umoja wa Mataifa, New York, akaacha kazi ya ualimu Pugu, na kabla ya kuzama katika kazi ya TANU alirudi huku kwao kwa miezi kadhaa, akisaidia mapadri wa Maryknoll kwa Kizanaki na kutafsiri sehemu za Injili. Januari 1962, majuma machache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akatumia karibu mwaka mzima kuzunguka nchini na kuandika. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini yake mwenyewe na kukiri waziwazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala haikuwa inajitegemea. Sijui viongozi wengi, hapa au kwingine, waliosimama katikati ya safari wakiwa bado madarakani wakasoma hesabu yao wenyewe kwa sauti.

Jambo hilo tunaweza kulifanya bila kuwa marais. Mvuvi wa dagaa hufanya hivyo kila mwezi: mbalamwezi inapong'aa, taa zake hazina kazi, yuko nchi kavu anashona nyavu na kujadiliana na wenzake kwa nini giza lililopita lilikuwa baya. Mwalimu wetu wa leo hana mbalamwezi yake. Anamaliza muhula, anasahihisha, anajaza takwimu, anaanza muhula. Mfumo usiompa mwalimu nafasi ya kutafakari alichofanya hauwezi kumdai awafundishe watoto kutafakari.

Hoja ya tano: Tumepewa nafasi nyingine

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza mwaka 2024. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua sera hiyo Dodoma. Kilimo, ufundi, uvuvi, ushonaji, mambo ambayo kwa miaka mingi tuliyaona ni ya walioshindwa, yamewekwa darasani na yatatahiniwa. Huo ni mlango ule ule uliofunguliwa hapa Musoma zaidi ya miaka 50 iliyopita. Nina furaha, na nina hofu, na nitawaambia hofu yangu.

Nahofia tutanunua majembe, cherehani na misumeno, tutajenga karakana, tutapiga picha siku ya uzinduzi, halafu tutasahau daftari tena. Kwa hiyo nataka niseme kwa vitendo, na kwa mkoa huu.

Chukueni dagaa wa mwalo wa Mwigobero hapa Musoma. Akianikwa mchangani hukusanya mchanga, na mvua ikinyesha mzigo wote unaweza kuharibika. Akianikwa kwenye kichanja hukauka akiwa safi na bei yake ni nyingine. Kila mtu mwaloni analijua hilo, na bado wengi wanaanika mchangani. Kwa nini? Gharama ya kichanja? Nafasi? Ukosefu wa mnunuzi anayetofautisha? Hilo ni swali la utafiti ambalo kidato cha pili cha Musoma wanaweza kulifanyia kazi muhula mzima. Waanike ndoo mbili kwa njia mbili, wapime uzito wake kabla na baada, waulize bei, waongee na kina mama wanaoanika, waandike, walete darasani, wabishane. Mwisho wa muhula watakuwa wamejifunza hesabu, biashara, sayansi ya chakula na adabu ya kumsikiliza mama asiyekwenda shule lakini anayejua zaidi yao.

Shule za Bunda zitenge mistari michache ya pamba, nusu kwa samadi na nusu bila, na daftari la shamba lishikwe na wanafunzi kwa zamu. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kipo mkoani Mwanza, na mbegu tunazopanda zimetoka huko. Mtoto aliyeandika daftari la mistari yake mwenyewe atakapokutana na mtafiti wa Ukiriguru atakuwa na cha kumwuliza. Vijiji vya Butiama na Musoma Vijijini vina mihogo inayoliwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia; hapo pia pana somo, na pana chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu huko Butiama. Ningependa kuona wahadhiri wake wakiyasoma madaftari hayo ya watoto kwa uzito ule ule wanaosoma nao majarida ya ng'ambo.

Na jambo moja kwa wakuu wa shule na maafisa elimu. Kila kipindi cha kazi kiwe na kipindi chake cha marejeo kwenye ratiba, kinachoandikwa ubaoni kama hisabati inavyoandikwa, ambapo watu huketi na kuulizana: tulitaka nini, tulipata nini, tutabadilisha nini? Dakika 40 zinatosha. Na adhabu ya kulima ifutwe kabisa katika shule zetu zote. Shamba haliwezi kuwa darasa na jela kwa wakati mmoja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, msimu wa kupanda pamba unaanza katikati ya Novemba. Kuna muda wa kutosha wa kununua madaftari, kupima mistari na kuchagua mwalimu mmoja katika kila shule wa kusimamia. Nina ombi kwa kamati iliyoandaa mkutano huu: mhadhara wa mwakani msimpe mtu kama mimi. Waiteni wanafunzi watatu, mmoja wa Musoma, mmoja wa Bunda na mmoja wa Butiama, waje na madaftari yao, watusomee walichopanda, kilichoota na kilichokufa, na wazee na wataalamu wawaulize maswali hadi jioni. Nitakuwa nimekaa hapo mbele na kalamu yangu.

 Naona mikono ya walimu wa Bunda imeshanyanyuliwa. Kwa maswali, tuanze na wao.